Punje kwa Kila Anayeingia

Jumatatu, 1 Februari

Mizunguko minne leo. Majengo, Chang'ombe, stendi, Majengo tena. Koo limekauka. Rama anaendesha pikapu utadhani kabeba mayai, mimi nyuma na kipaza sauti, jua la utosi. "Bei nafuu, bei nafuu, duka la Mzee Sudi." Hakuna aliyegeuza hata shingo. Siku hizi kila duka lina spika na kila spika inasema bei nafuu. Zamani lilikuwepo duka moja la ushirika na foleni yake. Nani alihitaji kuitwa?

Miaka kumi na moja nilikuwa mpiga chapa wa shirika. Shirika likauzwa, tukapunguzwa. Sasa napiga kelele barabarani.

Jumatano, 3 Februari

Mzee Sudi kabadilisha mambo. Posho ya siku basi. Kaweka bakuli la bati kaunta: kila anayeingia akisema amesikia spika, Mzee anatupia humo punje moja ya hindi. Jioni zinahesabiwa, nalipwa kwa idadi yake. Eti sauti isiyoleta mtu ni ya nini. Nilitaka kumtolea uvivu, nikameza.

Nikameza kwa sababu ya shangazi Debora, kule Haneti. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Uwele wake umekauka ukiwa magotini na ana wajukuu watatu ndani. Juzi dereva wa lori aliniletea salamu zake: wanakula mlo mmoja. Hakuomba kitu, alisema tu. Lazima nimpelekee gunia la mahindi kabla mwezi haujaisha.

Punje sita. Kwa mwendo huu watakufa nikiwa natangaza sabuni.

Ijumaa, 5 Februari

Najaribu maneno. "Bidhaa zote": takataka, halimwiti mtu. "Sabuni": watoto waliotumwa kuuliza bei. Tulikwenda hadi Chamwino nikasema "mchele wa pilau". Watumishi wanne walitufuata dukani, wote wakanunua.

Kisha kwa utani nikasema "hata kwa mkopo". Lo! Duka lilijaa hadi barazani. Hakuna aliyenunua hata kiberiti. Mzee Sudi akanifokea mbele za watu na kunifutia punje zote. Sharti jipya: anayekuja bila pesa mkononi si punje.

Naandika nisisahau. Neno pana linaleta watazamaji. Kitu kikitajwa kwa jina lake na kipimo chake, anakuja mnunuzi. Usiseme nafaka. Sema debe la mahindi meupe ya Kiteto. Na mkopo usiutaje, ng'oo.

Jumanne, 9 Februari

Nimelipata. Debe la mahindi kwa bei ya mavuno.

Mwezi huu nani amesikia bei ya mavuno? Ni mara mbili na zaidi kila mahali. Mzee Sudi alicheka, kisha akakubali: debe kumi kila asubuhi kwa bei hiyo, zikiisha ni bei ya kawaida. Akasema mtu akishafika mlangoni na pesa yake atanunua tu, aende wapi. Nilimwelewa vizuri sana. Nikakubali.

Hizo "debe kumi za mwanzo" nazitaja. Mwishoni, haraka, Rama akiwa ameshaondoa gari.

Punje arobaini na moja. Nimefurahi. Huo ndio ukweli, nimefurahi mno.

Alhamisi, 11 Februari

Mnada wa Haneti. Mzee Sudi katutuma huko kwa sababu siku ya mnada watu wana pesa za mifugo. Nilitangaza kwa Kiswahili, nikatangaza kwa Kigogo. Mbukwenyi, mbukwenyi, nikawasalimu. Nilikuwa nyumbani, maneno yalinitoka yenyewe. Walinizunguka pikapu nzima.

Baada ya kitambo nikaona mbuzi wanaletwa ambao asubuhi hawakuwepo. Watu walikuwa wamerudi makwao kuwafuata. Wachuuzi wa mifugo nao wana masikio, bei ya mbuzi ikaporomoka pale pale.

Shangazi alikuja. Nikampa shikamoo, akanishika mkono asiuachie, anajidai kwa majirani: huyu ni mtoto wangu, akisema kitu ndicho. Amekonda. Alikwisha kuuza mbuzi wake wawili. Jirani yake, mzee Lazaro, kamuuza maksai wake wa mwisho, naye hakuwa na nia ya kuuza hadi shangazi alipomhakikishia. Walishapanga kuja Jumamosi kwa lori.

Ningemvuta pembeni nimwambie ni debe kumi tu. Sikumwambia. Rama alikuwa anapiga honi, lakini si kwa sababu ya honi. Nilijiambia gunia lake nitampa mimi, yeye hatapungukiwa. Wengine sikuwafikiria. Uongo. Niliwafikiria kama punje.

Jumamosi, 13 Februari

Walikuja kumi na wawili. Lori lilipata pancha, wakafika saa nne. Debe kumi ziliisha kabla ya saa mbili.

Nilikuwa barabarani, bado natangaza bei ya mavuno, nilipomwona shangazi amesimama barazani na mfuko wake mtupu. Nilizima spika katikati ya neno. Nikaingia kwa Mzee Sudi, nikamwomba awauzie kwa bei ya mavuno hawa kumi na wawili tu, ni watu wa kwetu. Hakukasirika. Aliniuliza, "Wewe si ulitaja debe kumi?" Nilitaja. Ndiyo, nilitaja.

Nilitoka kuwaambia mwenyewe. Hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana. Shangazi ndiye aliyeinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Wote walikuwa na pesa mkononi. Kwa hiyo Mzee Sudi alitupia punje kumi na mbili bakulini, mbele yao, moja moja. Kwa hizo malipo yangu yakatimia bei ya gunia la mahindi. Alinipimia pale pale. Nikamkabidhi shangazi, nikamwambia hili ni lako. Alikata kamba, akaomba kibaba, akaanza kuwagawia majirani zake sawasawa. Nikamwambia shangazi, wajukuu! Hakugeuka.

Mzee Lazaro alikataa fungu lake. "Mimi sikuja kuomba, binti. Nilikuja kununua." Akanunua debe mbili kwa bei ya kawaida, pesa ya maksai yote, na nauli yake ya kurudi ikaingia humo humo. Majirani walitaka kumchangia, hakutaka kusikia. Debe zake zikapanda lori. Yeye akaondoka kwa miguu, kofia mkononi, njia ya Haneti. Nilimwita. Nina sauti ya kusikika mtaa mzima, na hakugeuka.

Jumapili, 14 Februari

Sikwenda kanisani. Jua kali kutwa. Namfikiria yuko wapi.

Jumatano, 17 Februari

Nimerudi kazini. Ndiyo, nimerudi. Shangazi aliondoka na vibaba vya kuhesabika na bado ni Februari.

Leo nilianza na debe kumi. "Debe kumi tu, zikiisha bei ni ya kawaida." Taratibu, kila neno lisikike. Punje nne. Mzee Sudi akaniuliza kama naumwa koo.

Jioni dereva wa lori akanikuta stendi. Mzee Lazaro alifika kwake juzi, akanywa maji, akalala. Jana hakuamka. Wanamsubiri mwanawe anayevua samaki Mtera, watazika Ijumaa.

Nimemrudishia Rama kipaza sauti. Nimemwambia amwambie Mzee Sudi atafute mtu. Nimechelewa, najua. Najichukia.

Ijumaa, 19 Februari

Haneti. Nilifika asubuhi, watu bado wachache. Nilisalimia, wakaitikia wote. Mjane alinipokea kanga kichwani, akanionyesha mahali pa kukaa. Mahindi yake yapo pembeni ya mlango, debe mbili, bado zimefungwa.

Mwinjilisti alikuwa anatafuta mtu wa kupita vitongojini na kengele kutangaza saa ya maziko. Yeye koo limemkauka kwa maombi ya usiku. Nikainuka, nikasema nitakwenda mimi, hii ndiyo kazi niliyoizoea.

Shangazi akanivuta kanga.

"Kaa, mwanangu. Wakisikia sauti yako hawatakuja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema polepole, kwa Kigogo, ili nisikie peke yangu. Kisha akanisogelea tukakaa bega kwa bega.

Kengele akaichukua mwinjilisti mwenyewe. Mimi nilipewa ungo wa mlenda, nikachambua na wanawake wenzangu hadi watu walipoanza kufika.