Dole Gumba la Mama

Jumatatu, 16 Juni
Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Choo mara mbili tu, damu hakuna. Wiki ya tatu sasa utumbo umetulia. Baridi kali, ofisini tumeshinda na makoti. Mama yupo tangu Ijumaa, kaja kutoka Kaengesa na unga wa ulezi. Kanisongea ugali, nimeumaliza wote. Raha.

Jumanne, 17 Juni
Nimefanya upuuzi. Kwenye simu nimeona kichwa cha habari: kuna uhusiano kati ya kutolewa kidole tumbo na ugonjwa wangu huu wa vidonda vya utumbo mpana. Nikamsomea Mama. Kichwa cha habari tu, basi. Chakula hakumaliza.

Jumatano, 18 Juni
Kumbe. Mama kanisimulia leo. Nilipopasuliwa kidole tumbo nilikuwa na miaka tisa. Marehemu Baba alikuwa Wampembe, ziwani. Kwetu mtoto hapasuliwi mpaka baba zake wakae kikao, na Baba Mkubwa alishatuma neno kutoka Mwimbi: msubirini. Mama hakusubiri. Kuandika hajui, akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya hospitali ya kuruhusu upasuaji. Miaka yote hii Baba Mkubwa anamsema. Sasa Mama anaamini dole lake ndilo lililoniharibu tumbo. Jumamosi anakwenda Mwimbi kuomba radhi.
Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 19 Juni
Anatafuta pombe ya ulezi ya kupeleka. Namwambia sivyo, hanisikii. Si mimi niliyemsomea?

Ijumaa, 20 Juni
Kliniki. Nimekwenda naye. Daktari, kijana tu, akampa shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho. Mama alisimulia yote, dole kalificha ndani ya kitenge.
Kumbe uhusiano upo, ila kinyume. Waliotolewa kidole tumbo kilichovimba wakiwa wadogo, ugonjwa huu huonekana kwao kwa uchache. Sababu bado haijajulikana vizuri. Si kinga kamili, ndiyo maana mimi nimeupata. Wala mtu asikimbilie kutoa kilicho kizima.
Mama akauliza, "Na ningewasubiri baba zake?"
"Kikivimba na kusubirishwa huweza kupasuka, mama. Ungeweza kumzika."
Nimelia palepale, mbele ya watu. Sikuona aibu.

Jumapili, 22 Juni
Jana Mama alikwenda Mwimbi vilevile, na pombe yake. Radhi hakuomba. Binamu kanipigia simu anacheka mpaka anakohoa. Mama alimsubiri Baba Mkubwa anywe kwanza, kisha akamsimamishia dole gumba usoni: "Shemeji, mwanao yu hai kwa hili." Mzee akalitazama. Akaomba aongezewe pombe.
Mama karudi mchana. Yuko jikoni, anachekecha unga na kuimba. Vidonge nimemeza. Choo mara moja.