Kidirisha Nilichokukataza

Mwanangu Zuhura,

Salamu tulishapeana kwenye simu juzi, ukaniuliza nimekula nini nikakwambia wali maharage, kwa hiyo hapo tusirudi. Barua hii nimeiandika kwa mkono kwenye daftari, nikampa dada wa stationery hapa Tandika aichape na kuiweka kwenye ule ukurasa wako wa picha mtandaoni, wateja wako wote waisome. Nimefanya makusudi. Nikikwambia peke yako utanibishia. Mbele za watu utaona haya.

Nataka tuongee habari ya kamera.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Kariakoo kununua ile ya kwanza? Duka lilikuwa ndani kabisa, chini ya ngazi, taa moja tu. Muuzaji akatuwekea mezani kamera mbili, ndogo zote, za kuingia kwenye mkoba. Moja ilikuwa na kioo tu kwa nyuma, kama simu. Ya pili ilikuwa na kioo hicho hicho, halafu juu yake kuna kidirisha cha kutia jicho. Wewe ukaichukua hiyo ya pili. Ukaiweka usoni, ukafumba jicho moja, ukakaa hivyo muda mrefu mpaka muuzaji akaanza kufuta vumbi kwenye makabati yake.

Mie nikauliza, "Hicho kitundu cha nini?"

"Cha kuchungulia, mama," muuzaji akasema.

"Anachungulia nini, na picha si hiyo hapo kwenye kioo inaonekana?"

Yeye akacheka. Wewe hukucheka. Mie ndiyo kwanza nikapata nguvu. Nikasema mtu kafumba jicho moja, la pili kalitumbukiza kwenye tundu, kibaka akija atamwona na nini? Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu yote. Unanijua mama yako. Mpaka uko kidato cha pili nilikuwa nakusindikiza kituoni, wenzako wakawa wananiita mlinzi. Na kile kioo, kwenye lile duka la kiza, kilikuwa kinang'aa kama televisheni mpya. Tukatoka na ya kioo. Njia nzima nimeikumbatia ndani ya khanga, najisifu nilivyojua kuchagua. Ukasema, "Nzuri, mama. Asante."

Kazi yako ya kwanza ilikuwa ile singo kule Mwananyamala, ya mtoto wa shoga yangu Mama Salma. Shughuli ya wanawake peke yao kabla ya harusi, ndiyo maana walikutaka wewe, maana mpiga picha wa kiume pale hatii mguu. Saa nane mchana, uwanjani, jua linachoma utosi. Bibi harusi katolewa nje, ngoma imeanza, vigelegele, na wewe ukainua kamera. Kioo kikawa cheusi. Ukakipinda huku, ukakipinda kule, hakionyeshi kitu isipokuwa sura yako mwenyewe. Ukaanza kupiga kwa kukisia. Somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, akakuona unavyohangaika, akapaza sauti juu ya ngoma:

"Jamani, huyu mtoto anapiga picha au anapiga ramli?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikaona mabega yako yanashuka.

Hapo sikufikiri. Nikavua khanga yangu ya juu, nikakufunika kichwa na kamera, lenzi peke yake ikabaki nje. Na mie nikaingia humo humo kushika pindo lisikuangukie.

"Mama, unanifukiza?"

"Nyamaza. Piga."

Kiza kilipoingia, kioo kikawaka. Kulikuwa na joto humo ndani, na harufu ya mafuta yako ya nazi, na mbele ya pua zetu bibi harusi kadogo, kana hina mpaka viwikoni, kanajizuia kucheka. Ukaninong'oneza, "Subiri, mama, atacheka tu. Subiri. Haya, sasa." Na kweli akacheka, na wewe ukaipata. Mie nilikulea miaka yote ile na sikuwahi kujua unatazamaje vitu. Nilidhani unatazama kama mie ninavyotazama. Kumbe wewe unasubiri.

Kuanzia hapo tukawa wawili. Wewe na kamera, mie na khanga. Temeke, Buguruni, mpaka kule Mikocheni kwa wenye mageti, tulikwenda. Washereheshaji wakawa wanaulizana kwenye kipaza sauti, "Wapiga picha wa hema wameshafika?" Watu wanacheka, na sie tunacheka. Mie ndani ya hema nikajifanya mtaalamu. "Mtoe yule mama mwenye sahani." "Huyu shangazi umkate kwenye picha, anatafuna." Wewe unaniambia, "Mama, shika khanga, kazi ya mdomo sikukupa." Lakini mara nyingi uliwakata kweli.

Halafu yakaja yale mahafali ya watoto wa chekechea pale Temeke. Kulikuwa na dada mwingine wa picha, kasimama juani peke yake, kamera ndogo kama yako, jicho kwenye kidirisha, anapiga tu. Hana hema, hana mama. Nikamsogelea nikamuuliza anaona nini humo. Akasema, "Njoo uone, mama." Nikatia jicho. Zuhura, niliona kila kifungo cha shati. Niliona mtoto wa mstari wa nyuma ana kamasi. Jua lile lile lililotufanya tujifunike kama wagonjwa, kwake halikuwepo kabisa.

Nilingoja mpaka tumefika nyumbani. Ulikuwa unamenya viazi.

"Ulijua?" nikakuuliza.

Hukuuliza kujua nini. "Nilijua, mama. Toka dukani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Ukaendelea kumenya. Mie nikaingia chumbani nikajifanya natafuta kitu.

Basi asante yangu ndiyo hiyo, na nimechelewa kuitoa. Hukuwahi kunisimanga kwa lile kosa. Walivyokuwa wanakucheka uwanjani ungeweza kusema mama ndiye aliyenichagulia. Wateja walipokuuliza ile khanga ya nini, uliwajibu, "Ndivyo tunavyofanya kazi." Tunavyofanya, ulisema. Mie darasa la nne niliishia, sijawahi kuwa na kazi ya kusema tunafanya. Ukanipa.

Sasa uko Mwanza, kwa huyo bosi mwenye studio. Juzi ukanipigia kuniambia kwamba anakununulia kamera ya kazi, amekuambia uchague, na ni yale yale ya siku ile: ndogo mbili, moja ina kidirisha, moja haina. Kazi zenyewe umesema karibu zote ni za nje, juani. Halafu ukasema, "Nitachukua tu ya kioo, mama. Nimeshaizoea." Mie nikajifanya mtandao unakata. Mtandao ulikuwa mzima, mwanangu. Nilikuwa nimefurahi, na nikaona aibu kwa nilivyofurahi.

Maana nilikuelewa. Hujaizoea. Unaichukua kwa ajili yangu mie.

Sisemi kioo hakina kazi. Kwa kioo watu wanauona uso wako, ukicheka na wao wanacheka, na watoto hawaogopi. Yule bibi kizee tuliyempiga picha Buguruni asingekubali kupigwa na mtu aliyejificha nyuma ya chuma. Lakini yenye kidirisha ina kioo pia. Ndani tumia kioo, juani tia jicho. Wewe hupotezi kitu hata kimoja. Nimelifikiria hili siku mbili nafua nguo, nikatafuta nani anayepoteza, nikajikuta ni mie peke yangu. Kidirisha kile kina nafasi ya jicho moja. Hatuwezi kuingia wawili.

Ndiyo hivyo. Nimelia kidogo, usihangaike, nimeshamaliza.

Siwezi kuja Mwanza kushika khanga, na sitaki usimame juani huko unapiga ramli, watu wanakucheka, kwa sababu ya mama mmoja wa Tandika anayeona raha kuhitajika. Kesho asubuhi nenda kwa bosi wako, mwambie unataka yenye kidirisha. Mwambie mama kasema. Na vibaka nimekuachia wewe mwenyewe uwaangalie, umeshakuwa mtu mzima, ingawa bado nakuomba usitembee nayo mkononi barabarani.

Tia jicho lako, usubiri kama unavyosubirigi, upige. Mie nitaiona baadaye, kama watu wengine.

Mungu akulinde huko, na ule ushibe.

Ni mie,
Mama yako