Jina Langu Kwenye Kibao

Adungosi
4 Machi 2024

Mpendwa binti yangu Aguti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima. Ng'ombe nao wazima, ila hawataki tena maji ya kijito. Wajukuu wangu hapo Eldoret hawajambo?

Usishangae kupata barua, simu nimeizima. Unakumbuka lile shirika lililofundisha kikundi chetu kutunza kijito. Walitupa kibao, tukaandika, "Ukiona mtu anamwaga mafuta, piga simu." Nami kwa kujitia mwenyekiti nikaweka jina langu na namba. Sasa jirani yetu Emuron anaoshea matangi ya malori ya mafuta kule juu, na uchafu wote unateremka kwetu. Nilipiga picha nikapeleka kwa watu wa mamlaka ya mazingira, Busia. Tangu hapo napigiwa na watu nisiowajua. Mmoja alinitajia rangi ya gauni nililovaa. Mwanangu, naogopa.

Mama yako

Eldoret
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Watoto hawajambo, mimi ndiye nisiyekula. Futa hiyo namba leo! Waambie wa mamlaka umejitoa. Kwani kijito ni chako peke yako? Funga mzigo uje huku, na usinijibu kwa ubishi wako ule.

Binti yako,
Aguti

Adungosi
17 Machi 2024

Aguti wangu,

Natumai hamjambo. Mzigo nilifunga, kweli. Lakini Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwangu, na mtu hakimbii zamu yake. Emuron akaja na rozari yake. Wakati wa maombi akasema, "Tumwombee mama wa nyumba hii. Barabara ina malori mengi, asije akagongwa." Wote wakaitika, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Hata mimi niliitika, Aguti! Kisha nikampakulia kuku, naye akala akashukuru.

Watu wa mamlaka wamekuja kuchukua maji wakayapime. Sasa wanataka shahidi.

Mama yako

Eldoret
26 Machi 2024

Mama,

Hujambo? Mbona kimya? Nikipiga simu bado haipatikani. Tafadhali, hata neno moja tu.

Aguti wako

Adungosi
3 Aprili 2024

Binti yangu,

Mimi ni mzima, nisamehe. Nilikuwa naogopa hata kutoka kutuma barua.

Jana chifu aliita baraza. Afisa wa mamlaka akasema maji yana mafuta, akauliza nani atatoa ushahidi. Emuron alikuwa amekaa mbele, anatuangalia mmoja mmoja. Kikundi kizima kikainama. Nikasimama. Akurut, mweka hazina wetu, akanishika kiuno, na alipokwisha kunishika akasema naye atakwenda kutoa ushahidi.

Usidhani nimekuwa jasiri. Pikipiki ikipita najificha nyuma ya kabati. Lakini usije kunichukua. Kesi ni tarehe kumi na tano, Busia. Akurut atakaa kushoto kwangu. Kulia bado hakuna mtu.

Mama yako