Jeancy Anasalimia, Basi Si Jeancy

Mpendwa Mama Clotilde, naomba msaada, lakini kwanza natangaza kwa heshima zote, mbele ya Likasi nzima na vijiji vyote vya ukingo wa ziwa Tshangalele, kwamba neno la siri la familia yetu, yaani "matembele", limefariki Jumapili iliyopita saa ya ushuhuda.

Ilianza hivi, mama yetu, Mama Kabedi, alipigiwa simu na sauti ya kaka yangu Jeancy anayechimba madini huko Kakanda, sauti yenyewe kabisa, mpaka na kile kikohozi chake, ikisema amekamatwa, tutume pesa upesi, lakini ilikosea kitu kimoja, ilianza kwa kumuuliza mama ameamkaje na kama amekula, mama akakata palepale, akasema, "Jeancy yangu hasalimiaka muntu, anaulizaka tu kama bukari imebaki," na kweli tulipompigia Jeancy kwa namba yake alikuwa amekaa zake anakula bukari, ugali wenyewe, basi binamu yetu Parfait, fundi wa simu, akatueleza kwamba siku hizi kuna akili bandia, inachukua sauti yako kidogo tu, hata zile odio unazotuma kwenye kundi la kwaya, halafu inakusemea usiyoyasema, ndiyo maana Jeancy alipokuja nyumbani tukapatana jikoni neno la siri, matembele, kwa kuwa Jeancy hayali hata kwa fimbo.

Sasa mama kwa furaha akasimama kanisani kushuhudia jinsi Bwana alivyomwokoa na mashini ya Shetani, akashika mikro, akasema yote, na neno lenyewe, kanisa likaitika amina, bafle, yale maspika makubwa, zikalipeleka hadi sokoni, na leo watoto wa mtaa wanamwita Mama Matembele.

Jumanne ikaja simu kwa namba tusiyoijua, sauti ya Jeancy tena, eti ameanguka na pikipiki, mguu umevunjika, simu yake imepondeka, ameazima ya muuguzi, yuko hospitali ya huko Kakanda, tumpelekee bukari na blanketi.

"Neno?" mama akauliza.

"Matembele, mama."

"Hata mbwa ya pasta inajua matembele. Weye ni nani?"

"Ni minye, mama! Minye Jeancy! Mugongo yako ingali inauma?"

Mama akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia: "Umesikia? Inasalimia. Ni ile mashini." Akakata.

Tangu hapo namba ya Jeancy haiiti, ya muuguzi imezimwa, mama analala vizuri, mimi silali, maana kama ni wezi tutachekwa mtaa mzima, na kama ni yeye, basi kaka yangu amelala na njaa na mguu uliovunjika, na mama yake mzazi amemkatia simu. Nifanyeje?

Hadassa, Likasi

*

Hadassa mwanangu, pole. Nimecheka, kisha nimekasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Mama yako mara ya kwanza alifanya vizuri kuliko wasomi wengi: alisikia sauti ya mtoto wake ikilia shida, na bado akakata. Na ninyi mkapiga namba mnayoijua. Ndivyo inavyotakiwa, kila mara, hata anayelia akiwa askofu. Lakini siri ya nyumba haitolewi ushuhuda. Mungu alikuwa jikoni mlipopatana, hahitaji bafle. Chagueni neno jipya, mlisemee jikoni hapo hapo, uso kwa uso, na safari hii mama ashuhudie juu ya mgongo wake.

Sasa huyo Jeancy anayesalimia. Nyumba yenu imefika mahali ambapo adabu ni ushahidi wa wizi! Mtu akivunjika mguu, mwanangu, anakumbuka ana mama. Maumivu yamewafundisha watu "tafadhali" tangu kabla ya simu. Tena soma barua yako mwenyewe. Yule wa kwanza aliomba pesa. Huyu ameomba bukari na blanketi. Mashini itakula bukari na tumbo gani?

Ila usiifanye hiyo kanuni, maana kesho wezi wakisoma gazeti hili nao wataomba bukari. Sauti siku hizi si mtu. Mtu ni yule unayemgusa. Kwa hiyo pika, kunja blanketi, mchukue Parfait mwende wawili hadi hiyo hospitali ya Kakanda, usimpe yeyote mlangoni hata faranga kabla hujaona mguu. Ukimkuta, mpige picha na huo mguu, umpelekee mama, na umwambie Jeancy akipona aendelee kusalimia, ili siku nyingine tusimzike kwa sababu ya heshima.

Wewe umeketi, umeandika, ukasubiri nijibu. Gazeti hili hutoka Ijumaa. Gari la Kakanda hutoka kila asubuhi.