Evarisiti, Video Zako Zimefika Giteranyi

Evarisiti, rafiki yangu,

Jana ulifundisha Giteranyi. Najua ungetaka kwanza kuuliza kama ulionekana vizuri, vidole vyote. Ndiyo. Ulionekana mpaka kile kidole chako kidogo kilichopinda.

Tangu tukuzike Gasorwe sijakuandikia. Kwanza sikuweza hata kufungua mafaili. Video mia nne za lugha ya alama, na wewe umo katika kila moja, umesimama mbele ya pazia la kijani katika sekretariati yangu, kiduka changu cha kuchapa na kunakili hapa Gitega, unaonyesha neno moja, unashusha mikono, unanitazama kuuliza: tayari? Nani angeweza kuzitazama?

Unaikumbuka siku ya wazazi wa watoto viziwi kule Muyinga. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wewe ukasoma shule ya viziwi huko, tulirudi tukidhani kazi ngumu ni kurekodi. Tovuti ya video zetu ikawa tayari, wazazi wakafungua simu zao kwa pamoja, kila kitu kikakwama. Mkono wako ukasimama kwenye kioo katikati ya neno "kula," kisha ukavunjika vipande vipande. Mama Divine, yule aliyetoka Giteranyi na binti yake kiziwi, akazima simu. "Hii si ya sisi watu wa vilimani," akasema, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Niliona aibu hata nikashindwa kukutazama. Ukachukua kalamu ukaniandikia: "Mtoto yule hawezi kumwambia mama yake wapi panamuuma. Tengeneza." Nikaitikia. Ukaanza kuugua kabla sijatengeneza.

Basi nimetengeneza. Ngoja nikueleze, maana ulipenda kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimerundika video zote kwenye seva moja ndogo huko Ulaya, pamoja na kurasa za tovuti. Kila aliyegusa neno aliitisha video kutoka huko huko, wote wakisukumana mlango mmoja. Sasa video zinakaa katika hifadhi ya mtandaoni, ile wanayoiita klaudi. Na mbele ya hifadhi hiyo kuna kompyuta katika miji mingi, zinazotunza nakala za video zinazoombwa. Mtu wa Muyinga akigusa neno, anapewa nakala iliyo mji wa karibu, Nairobi kwa mfano. Nikatengeneza pia video nyepesi kwa simu zenye mtandao dhaifu. Hapo nilihangaika: nikizibana mno, vidole vinaungana, alama mbili zinakuwa moja. Ikabidi nikutazame neno kwa neno, wiki nzima. Siku ya kwanza nililia. Siku ya tatu nilicheka peke yangu, kwenye "mbuzi," maana ulikuwa umefanya na uso wa mbuzi.

Kuzifuta za kwenye seva ya zamani ndiko kulikonishinda. Kidole kiko juu ya kitufe, na mimi naona kama nakuzika mara ya pili. Nikanakili zote za asili kwenye diski mbili, moja nikampelekea dada yako, ndipo nikafuta.

Jana nikafika kwa Mama Divine. Alikuwa anachambua maharage, wala hakutaka kusikia habari za mtandao. "Rezo ya kwetu iko mbaya, mi nitapoteza tu wakati." Nikamwomba aguse picha moja tu kwenye simu. Akagusa "kuumwa." Ukatokea hapo hapo. Akagusa nyingine, na nyingine. "Eh! Iko anakuja mbio!" Divine akasogea, akaanza kukuiga.

Baadaye akamvuta mama yake nguo, akashika tumbo, akafanya alama yako ya "kuumwa." Alikuwa amekula mapera mabichi, hakuna kibaya zaidi. Lakini mama yake aliacha maharage akakaa chini kabisa. "Miaka saba," akaniambia, "mi niko nabahatisha tu."

Kisha mtoto akakuonyesha kwenye simu, akaonyesha njia, akainua nyusi: anakuja? Mama yake ndiye aliyemjibu. Akafunga macho, akalaza kichwa begani, akagusa udongo, kama alivyomweleza Divine siku bibi yake alipozikwa. Divine akakutazama. Akafuta kioo cha simu kwa gauni lake, taratibu, pale ulipo uso wako. Halafu akagusa neno jingine, nawe ukaendelea kumfundisha.

Ile alama yao ya kufa haikuwa katika video zetu, Evarisiti. Kuna mengi hatukuwahi kurekodi. Nakuahidi nitayatafuta nyumba kwa nyumba, Giteranyi mpaka Itaba, niwarekodi viziwi na jamaa zao wenyewe wakiyaonyesha, na za kwako hazitaondolewa kamwe.

Pumzisha mikono, rafiki yangu. Umefika.

Wako,
Jozefina