Ipi Inafumulika?

Dada yangu,

Mkanda wa cherehani uliotuma umefika, na umeingia vizuri.

Daktari amenichorea operesheni mbili za kupunguza mwili, nichague. Katika ya kwanza mfuko wa tumbo unakatwa, unabaki mwembamba kama mkono wa blauzi. Katika ya pili wanabakiza kifuko kidogo, wanakiunganisha na utumbo chini zaidi. Kwa huu ugonjwa wangu wa ovari, na sukari iliyoanza kupanda, yeye anapendelea ya pili. Unanijua, kila gauni naacha akiba kwenye mshono, mteja akinenepa nifumue. Nikamuuliza, “Ipi inafumulika?”

Akacheka. “Mama, hapa hatufumui.”

Nikachagua ya pili. Akasema basi nisishike mimba mwaka mmoja na nusu. Nina miaka arobaini na mbili. Nikasema sawa. Shemeji yako sijamwambia hilo.

Kile kitambaa ulichonipa siku ya harusi, cha nguo za mtoto, jana nilikishona pazia la chumba cha kupimia. Limekaa vizuri. Safari hii sikuacha akiba.

Mdogo wako,
Fundi