Ghorofa ya Kumi na Moja

Kwa kaka Shawqi, mwalimu wa Kuwait na mpangaji wa milele,

Salamu nakupa kwa kuwa mama kaniamuru. Yeye hajambo, na huku Iskandaria samaki wamepanda bei.

Nasaha zako nimesomewa: eti Rabab amalize chuo kwanza, fleti baadaye. Hizo shahada zako tatu zimekujengea nini, hata choo? Mimi mpiga lipu, kalamu siijui, na jana nimetia dole gumba, nimenunua fleti ghorofa ya kumi na moja, inatazama bahari. Ada ya binti yangu yote imeingia humo. Shahada haipangishwi, bwana! Ukija likizo, kalale hotelini.

Ni mimi mdogo wako, Mahrous.

Ami, huyu ni Rabab. Barua za baba naandika mimi, naye katoka kununua sigara. Mkataba nimeusoma mpaka mwisho. Jengo lina kibali cha ghorofa saba tu. Nilipomwambia alinizaba kofi, kisha akasema nilete kalamu, tukuandikie wewe.